Jiko la Makindu Si Hoteli ya Bure

Reli mpya ya SGR haina kituo cha abiria Makindu. Anayetaka kufika kwenye hekalu la Kalasinga, yaani Wasikh, kwa treni hushuka Kibwezi au Emali, kisha atafute matatu ya kumrudisha alikopita akiwa dirishani. Kinaya ni kwamba hekalu lile ni mtoto wa reli. Lilijengwa 1926 na Wasikh waliokuwa wakifanya kazi kwenye reli ya zamani, ile ya upana wa mita moja, ambayo ilikuwa haina budi kusimama Makindu. Reli iliyolizaa imenyauka, mpya inapita bila kugeuka, na sufuria bado ziko motoni.

Ziko motoni kwa sababu ya barabara. Makindu ni kilomita kama 160 kutoka Nairobi, karibu theluthi ya safari ya kwenda Mombasa, pale mgongo wa dereva unapoanza kulalamika na watoto nyuma wamekwisha maliza biskuti. Dereva wa lori anajua, familia inayoteremka Pwani likizo inajua, kwamba ukikata kona kuingia lango lile utapata chai, chapati, dengu na pa kuegesha gari, na hakuna atakayekuletea bili. Kwa hiyo watu wamezoea kupaita hoteli ya bure.

Nina ugomvi na jina hilo. Hoteli ina mteja, na mteja ana haki ya kunung'unika. Sadaka ina mtoaji na mpokeaji, mkono mmoja juu na mwingine chini. Langari, ndivyo jiko na mlo wenyewe unavyoitwa, haimtambui mteja wala ombaomba. Ni sehemu ya ibada, ina kanuni zake, na anayekula naye yumo ndani ya kanuni hizo apende asipende. Huwa tunasifu ukarimu wa Makindu, lakini ukarimu huchoka; masharti ndiyo yaliyoifikisha pale ilipo. Anayekuja na akili ya hotelini anayachimba masharti hayo bila kujua.

Mwanzo wa yote ni maji. Reli ilianza kujengwa Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Injini ya mvuke ilikuwa na kiu kuliko njaa: kuni ungeweza kukata popote nyikani, maji hapana, na kutoka Pwani hadi Ukambani kuna vipande virefu ambako mto ni mchanga mtupu. Makindu inapata maji kutoka vilima vya Chyulu, miamba ya volkeno inayonyonya mvua huko juu na kuitema chini kwenye chemchemi. Jina lenyewe lilikuwa ramani. Makindu kwa Kikamba ni miti ileile ambayo watu wa Pwani huiita mikindu na kusuka mikeka kwa ukindu wake, na mkindu hupenda kuota penye maji. Penye mikindu pakawa na stesheni, na stesheni ikaleta mafundi.

Ujenzi wa reli ulileta karibu watu 32,000 kutoka India kwa mkataba, wengi wao Wapunjabi, Waislamu na Wahindu na Wasikh. Kama 2,500 walikufa kazini, na elfu sita na ushei wakabaki baada ya mikataba kwisha. Wasikh wengi walikuja na ufundi mikononi: useremala, uhunzi, uashi. Ndiyo maana masikioni mwa Mkenya neno Kalasinga, ambalo asili yake hutajwa kuwa ni Kala Singh, mfanyabiashara wa siku za mwanzo Nairobi, linaleta picha ya karakana na spana kabla ya picha ya hekalu. Tanzania wanasema Singasinga. Majina yote mawili yana utani ndani yake, na utani huo umetufanya tuwaone watu hawa kwa kilemba na ndevu, tusijue wanaamini nini.

Hekaluni husimuliwa kwamba kabla ya jengo kulikuwa na mti. Kazi ikiisha Wasikh walikaa chini yake wakiimba na kuomba, na Wahindu na Waislamu wa kambi wakajiunga nao. Jengo la 1926 lilikuwa la mbao na mabati, vifaa ambavyo fundi wa reli hakuhitaji kuvitafuta mbali.

Kisha watu wakaondoka. Kambi ilipungua umuhimu, kazi zikahamia kwingine, familia zikafuata kazi. Ibada ikabaki bila waumini wa kila siku, na jengo likatunzwa na mlinzi Mwafrika ambaye hakuwa Msikh. Ni katika miaka hiyo ya ukiwa ndipo zilipozuka simulizi za mzee wa kilemba aliyepanda farasi mweupe, anayeonekana usiku akilizunguka hekalu. Ukweli wake tuwaachie wenye imani. Kazi yake lakini inaonekana wazi: mabati na mbao nzuri, mahali peupe, bila mwenyewe, huwa hazikai. Hadithi ya farasi mweupe ni ulinzi usiolipwa mshahara. Na aliyelipwa, yule mlinzi, ndiye anayesahauliwa kila historia ya Makindu inaposimuliwa kwa haraka. Bila yeye, safari za magari zilipoanza kuwa nyingi kusingekuwa na kitu cha kurudia.

Barabara ndiyo iliyorudisha watu. Familia za Nairobi zikielekea Pwani zilianza kusimama, kuswali, kupika, kuacha fedha. Baadaye wengi wao walihama, hasa wimbi la 1967 na 1968, sheria za uhamiaji zilipobadilika Kenya na Uingereza ikaanza kufunga mlango wake. Waliohama hawakuiacha Makindu. Hurudi na watoto, sasa wajukuu, kuja kuonyesha mahali. Kumeongezwa ukumbi mkubwa, vyumba vya wageni na jiko la kisasa. Ukiona jengo la leo usidhani ndilo la 1926.

Twende jikoni, maana huko ndiko hoja ilipo.

Langari ilianza na Guru Nanak, mwasisi wa dini ya Kisikh, aliyezaliwa Punjabi 1469 na kufariki 1539. Kwa Kiajemi, lugha iliyolitoa neno hilo, langar ni nanga, na pia ni mahali pa kulishia watu. Na nanga yetu ya Kiswahili hutajwa kuwa imetoka hukohuko. Kwa jiko la kando ya barabara, jina limekaa. Kanuni za mwenendo wa Wasikh zilizopitishwa 1945 zinaipa langari makusudi mawili: kumfunza muumini kutumikia wengine, na kuvunja ubaguzi wa tabaka. Ndiyo maana watu hukaa kwenye mstari, chini, kimo kimoja. Mapokeo yanasema hata Akbar, mfalme wa India, alipomtembelea Guru wa tatu, Amar Das, alitakiwa kukaa mstarini na kula kwanza ndipo aonane naye. Palipo na meza na viti kwa ajili ya wazee na wenye magoti mabovu, kanuni ile ile inabaki: hakuna meza ya wakubwa.

Hakuna nyama pia. Wengi hudhani ni suala la Uhindi tu, au la kubana matumizi. Fikiria mstari mmoja una Mwislamu kutoka Mombasa, Mhindu wa Nairobi, Mkamba Mkatoliki na Msabato. Weka mbuzi, swali la kwanza litakuwa: nani kachinja? Weka dengu, hakuna swali. Chakula kisicho na mchinjaji ndicho pekee kinachoweza kuliwa na kila mtu bila kuulizana dini. Halafu kuna joto la Ukambani: nyama inataka barafu, dengu kavu inakaa gunia zima miezi bila kulalamika. Na Makueni, kaunti iliyomo Makindu, yenyewe ni nchi ya ndengu, zile ambazo Tanzania huitwa choroko, kwa hiyo kiungo kikuu cha mlo wa Kipunjabi kimeota shambani kwa jirani.

Hesabu ya watu 100 si ngumu. Dengu kavu kilo 6 hadi 7. Unga wa atta, ule wa ngano isiyokobolewa, kilo 12, maana kila mtu huhesabiwa chapati tatu na kila chapati hula unga gramu 40. Maji ya kukandia lita 7 hadi 8, unga ukae nusu saa umefunikwa. Chai lita 25, robo lita kila kikombe, nusu maji nusu maziwa, majani kama gramu 250, tangawizi kwa kadiri ya mpishi.

Ugumu uko kwenye saa. Sufuria kubwa ya dengu huharibika kutoka chini. Ikishaanza kuwa nzito, moto ukiachwa mkali na mwiko usifike sakafuni, huungua, na harufu ya dengu iliyoungua hakuna bizari inayoificha. Dawa ni kuhamishia sehemu ya juu kwenye sufuria nyingine bila kukwangua, na kuihesabu iliyobaki kuwa hasara. Kosa la pili ni kutia nyanya mapema. Uchachu huzuia punje kulainika, unakaa saa mbili unatafuna changarawe. Maji magumu yenye chokaa hufanya vivyo hivyo, ndiyo sababu dengu hulowekwa kwanza. Nyanya, kitunguu na bizari vikaangwe pembeni, viingie dengu ikiwa imeshapasuka.

Chapati ndizo huvunja mahesabu. Wageni wengi hutazamia chapati zetu za kusukuma zenye matabaka na mafuta, wakiletewa ile nyembamba kavu wanadhani mpishi amebania. Ya langari hupikwa bila mafuta, huvimba juu ya moto, labda ikapakwa samli kidogo mwishoni. Kwenye tawa kubwa linalochukua 20 kwa mara moja, chapati 300 huiva ndani ya nusu saa. Lakini msukumaji mmoja mzuri hatoi zaidi ya tatu au nne kwa dakika, hivyo bila watu wanne wa kusukuma tawa hukaa tupu likiungua. Na haziwezi kupikwa asubuhi zikangoja: bila mafuta, chapati iliyoachwa wazi inakuwa kama gome ndani ya dakika ishirini. Ifungwe kwenye kitambaa ndani ya chombo chenye mfuniko, mvuke wake uilainishe.

Sasa basi la abiria 60 linaingia bila taarifa. Dengu unaweza kuiongezea maji ya moto na chumvi, ikanyooka. Chapati huwezi kuinyoosha. Ndiyo maana jiko lenye akili huwa na wali pembeni, na ndiyo maana kundi kubwa linalopiga simu siku moja kabla linafanya wema mkubwa kuliko lile linaloacha noti ya shilingi elfu sandukuni baada ya kumaliza akiba ya jioni.

Mgeni naye ana kazi yake, na kila sharti lina sababu. Viatu vivuliwe, mikono ioshwe, kwa sababu utakaa sakafuni na kula kwa mkono. Kichwa kifunikwe, mwanamume na mwanamke; leso au mtandio ndio unaofaa, kofia ya jua hapana. Sigara, tumbaku na pombe visivuke lango hata vikiwa mfukoni, na mtu aliyelewa asiingie. Ndani ya ukumbi wa ibada usielekeze nyayo mbele, kwa kuwa mbele kuna Guru Granth Sahib, kitabu cha kurasa 1,430 ambacho tangu 1708 Wasikh wanakihesabu kuwa Guru wao aliye hai. Alfajiri kinafunguliwa kwa heshima, usiku kinalazwa kwenye chumba chake, na mchana anayekihudumia hukipungia mgwisho kama ule waliokuwa wakipungiwa wafalme. Asiye Msikh halazimiki kuinama. Anatakiwa tu asipite akiongea na simu, na asipige picha kabla ya kuuliza.

Pale ukumbini utapewa parshadi, na hapa nakaa kidogo, kwa sababu kitu hiki kidogo ndicho kinachoeleza Makindu kuliko dengu. Jina lake kamili ni kara parshadi, na hiyo kara ni karai, chombo kilekile cha chuma ambacho kwetu hukaangia mandazi. Viungo ni vitatu kwa uzito sawa: kilo ya atta, kilo ya samli, kilo ya sukari, na maji lita tatu hadi nne. Samli huyeyushwa, unga ukamiminwa, ukakorogwa kwa moto wa wastani bila kuacha hata kidogo mpaka ugeuke rangi ya njugu zilizokaangwa na samli ianze kujitenga pembeni. Kwenye sufuria ya pili sukari inachemka na maji. Maji hayo yaingie yakiwa ya moto. Ya baridi hufanya mabonge ambayo hayavunjiki tena. Yakiingia huruka na kutoa mvuke wa kuunguza mkono, kwa hiyo mpishi husimama upande na kumimina kidogo kidogo, akikoroga mpaka donge liache kushika karai. Unga uliotolewa mapema huwa na ladha ya ubichi na hukaa tumboni kama jiwe. Uliochelewa huwa mchungu. Anayekoroga husoma sala muda wote, na hata asiyeamini ataona faida: anayesoma haondoki karaini.

Kabla ya kugawa, dua husomwa na ncha ya kirpani, kile kisu cha Kisikh, hugusishwa kwenye parshadi. Fungu la watu watano wapendwa, ukumbusho wa watano wa kwanza waliojitoa kwa Guru wa kumi, Gobind Singh, 1699, hutengwa mwanzo. Halafu ni mkono kwa mkono: unakusanya viganja viwili, unapokea donge la moto, unakula hapohapo huku samli ikikuteleza vidoleni. Usifute kwenye zulia. Ukiona ni nyingi sema kidogo kabla halijatua kiganjani. Kanuni inamkataza mgawaji kupendelea, tajiri apate kile anachopata mtoto wa turnboi.

Mambo yanayoharibika yanatoka upande wa mgeni kuliko wa mpishi. Sahani iliyorundikwa na kuachwa nusu. Chapati zilizofungwa kwenye karatasi kwenda kuliwa Mtito Andei. Familia inayoagiza chai kwa kuinua kidole, kana kwamba yule kijana anayepita na birika ni mhudumu anayengoja bakshishi. Ukimaliza, sahani unaipeleka mwenyewe, na ukiwa na dakika kumi unaosha na za wenzako. Hiyo ndiyo seva, utumishi wa kujitolea, na haina ada nyingine.

Kuhusu malazi, Kiswahili kilikwisha sema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Vyumba vya Makindu ni vya msafiri, kawaida usiku mmoja au miwili, na siku za sherehe kubwa, inapofanywa Akhand Path, yaani kitabu kizima kusomwa saa 48 mfululizo kwa wasomaji kupokezana, usitegemee kukuta kitanda. Tofauti ni kwamba jembe la Makindu unakabidhiwa siku ya kwanza, kwenye karo la kuoshea vyombo.

Kuna swali lisilopendwa. Langari kwa asili hupikwa na waumini wanaojitolea. Makindu haina mtaa wa Wasikh wa kujaza zamu za kila siku. Jiko la kulisha wasafiri wa Jumanne usiku haliwezi kuendeshwa na wajitoleaji wa mwisho wa wiki peke yao. Lazima pawe na wafanyakazi wa mshahara, na wafanyakazi watakuwa wenyeji. Baadhi ya waumini wanaona hilo linapunguza thamani ya ibada. Naona kinyume: hekalu lilinusuriwa na mwenyeji wakati hakuna Msikh, na mwenyeji kusukuma chapati leo ni mwendelezo wa historia hiyo hiyo. Linalopaswa kuangaliwa ni kama mtu huyo anakaa mstarini na kula na wengine, au anakula nyuma ya jiko. Kanuni ya mstari haijui nani analipwa.

Julai 2017 serikali ya Kenya iliwatangaza Waasia kuwa kabila la 44. Tangazo ni jepesi. Kazi ni kuihesabu Makindu katika urithi wa Ukambani kama tunavyohesabu makanisa ya misheni. Mabaki ya 1926, stesheni ya zamani na kumbukumbu za wazee wa mji vinafaa kuandikwa na kupigwa picha mapema, kwa sababu kila ukarabati wa hekalu linalotumika hula kidogo cha jana. Hekalu hai halisubiri wanahistoria, likihitaji vigae linaweka vigae.

Na kuna barabara. Mpango wa barabara kuu ya kulipia kati ya Nairobi na Mombasa umezungumzwa miaka sasa. Barabara ya aina hiyo huwa na uzio na mahali maalumu pa kutokea, na dereva aliyelipia mwendo hatoki nje kwa ajili ya chai. Ramani itakapotandikwa mezani, watu wa hekalu na wa Kaunti ya Makueni waitazame kilomita ya 160 waone kama pamewekwa njia ya kutokea. Reli mpya ilipochorwa, vituo viliwekwa Emali na Kibwezi.